Nyumba ya Karatasi Iliyokataa Kwisha

Hadi leo, nikisikia harufu ya unga wa muhogo ukichemka na kuanza kushika sufuria, miguu yangu huanza kucheza yenyewe chini ya meza. Wajukuu hunicheka. Wanasema bibi amesikia ngoma. Si ngoma, ndugu zangu, ni gundi, na ngoja niwaambie ilikotoka.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa na miaka tisa. Kwetu ni Kagoma, upande wa Muleba. Mama alikuwa mjamzito. Miguu yake ilivimba mpaka vifundo havikuonekana, na asubuhi moja alianguka jikoni, ndizi zikiwa bado mikononi. Tata, yaani baba yangu, alisimamisha lori la kahawa lililokuwa likielekea Bukoba, wakamlaza Mama mbele. Mimi nikapandishwa nyuma juu ya magunia, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuachiwa. Mama akalazwa hospitali. Tata akarudi Kagoma, maana kahawa ilikuwa imeiva na mbuzi hawakuwa na mtu. Mimi nikabaki Kashai, mtaa wa hapo hapo Bukoba, kwa Ishenkazi, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada yake baba. Alikuwa mshonaji, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, mwembamba, mwenye pini midomoni muda wote, kwa hiyo maneno yake yalitoka machache.

Sikuwa mtoto wa kutulia hata nyumbani. Pale Kashai nilizidi. Siku ya kwanza nilikanyaga pedali ya cherehani mpaka uzi ukakatika mara tatu. Siku ya pili niliwafungulia kuku wa jirani. Na kati ya ubaya na ubaya niliuliza swali moja tu.

“Tunakwenda lini kwa Mama?”

“Watoto hawaingizwi wodini, Koku.”

“Basi nitachungulia dirishani.”

Siku ya tatu Ishenkazi alitoa kwenye kabati karatasi nene, kubwa kama mto wa kulalia. Alikuwa amepewa misheni na mama mmoja wa Kizungu aliyemshonea mapazia. Ilichapwa vipande vya nyumba kwa rangi: kuta, paa jekundu, milango, kila kipande na namba yake. Ukikata, ukikunja na kugundisha, unapata nyumba inayosimama.

“Ukimaliza hii,” akasema, pini zikiwa midomoni, “tutakwenda.”

Sikusubiri aeleze zaidi. Nilichukua mkasi wake wa kitambaa, mzito kuliko mkono wangu, nikakata vipande vyote kabla hajarudi kutoka sokoni. Pembeni mwa kila ukuta palikuwa na ukingo mweupe usio na picha. Nikauona ni uchafu tu, nikaukata wote na kuutupa.

Ishenkazi alipoona, alitoa pini mdomoni moja moja. Nikajua mambo ni mabaya.

“Bojo,” akaniambia, na hilo ni neno letu la kumwambia mtu kwa huruma, “umekata nafasi ya mshono. Sasa ukuta utaushikisha na nini?”

Nikalia kwa hasira, si kwa kuharibu karatasi bali kwa sababu nilidhani safari imekufa. Yeye akaweka sufuria motoni, akakoroga unga wa muhogo na maji mpaka ukawa mzito na kung’aa. Akachana gazeti kuwa vipande vyembamba, akanionyesha namna ya kukunja kila kimoja katikati na kukibandika kwenye kona kwa ndani. Unyoya wa kuku ndio uliokuwa brashi. Lazima ushike kona mpaka ikauke. Kushika tu, bila kufanya kitu! Sijawahi kupewa adhabu kubwa kuliko ile. Vidole vilinata, pua iliwasha, miguu ilipiga sakafu. Niliachia mapema, ukuta ukalala. Nikashika tena, nikaachia tena, ukalala tena.

Ilinichukua siku mbili kusimamisha kuta nne. Zilikuwa zimeegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni, lakini zilisimama. Siku iliyofuata nikaweka paa. Ishenkazi aliporudi jioni kutoka hospitali na kikapu kitupu, nilimngojea njiani.

“Imekwisha!”

Akaizunguka nyumba, akaitazama kwa makini. “Haina jiko,” akasema. “Utapikia wapi?”

Nikajenga jiko kwa karatasi ya mfuko wa sukari. Kesho yake akarudi: banda la mbuzi liko wapi? Nikajenga banda. Keshokutwa yake: banda bila mbuzi? Weka wawili, na mmoja awe na pembe iliyovunjika. Nilishangaa kidogo, maana sisi tulikuwa na mbuzi wa namna hiyo, na Ishenkazi hakuwa amefika Kagoma tangu mbuzi yule azaliwe. Lakini sikuwa na muda wa kushangaa. Nilikunja, nikabandika, nikanung’unika. Ikaja migomba mitatu karibu na mlango, si mbali. Likaja pipa la maji ya mvua. Nyumba ya Mzungu ikageuka kibanja kizima cha Kihaya juu ya mfuniko wa sanduku, na mimi nikaanza kumchukia Ishenkazi kwa moyo wote.

Kisha jioni moja alirudi, akakaa bila kuvua kanga kichwani. Nikasubiri agizo.

“Leo nini kimebaki?” nikauliza.

“Leo hakuna, Koku. Pumzika.”

Niliruka. Hakuna! Maana yake nimemaliza. Asubuhi alitoka mapema kuliko kawaida bila kunichukua, nikaona amenidanganya. Nikajitwika mfuniko wangu kichwani, nikatoka kwenda hospitali peke yangu nikiuliza njia. Mvua ya Bukoba haibishi hodi. Ilinikuta katikati ya njia, na nilipofika, migomba ilikuwa imelala na paa jekundu lilikuwa linanitiririkia usoni.

Ishenkazi alikuwa amekaa chini, nje ya wodi, amejiegemeza ukutani. Hakunigombeza.

“Nimemaliza,” nikamwambia. “Ulisema nikimaliza nitamwona Mama.”

“Mama yako amelala.”

“Mwamshe.”

Akanifuta rangi nyekundu usoni kwa kanga. “Nimejaribu, bojo.”

Akaupokea mfuniko, akauweka chini, akanivuta nikakaa karibu yake. Miguu yangu ilikuwa ikipiga-piga chini, akaishika magotini kwa mikono yote miwili, hivyo hivyo, mpaka mchana ukapita.

Mama alifungua macho siku ya pili yake. Mtoto hakuishi. Hilo sikuambiwa. Baada ya wiki kadhaa tulirudi Kagoma kwa lori, Mama amekonda, mikono mitupu, na nilipouliza kuhusu mtoto, Tata alisema tu, “Hatukumpata,” nikafikiri wametafuta mahali pasipo sahihi.

Nilikuwa mtu mzima, na ujauzito wangu wa kwanza, Mama aliponieleza mengine. Tulikuwa tukimenya ndizi. Nilikuwa nikimlaumu Ishenkazi, miaka yote ile, kwa nyumba yake isiyokwisha. Mama akacheka.

“Unamsingizia bure. Ni mimi niliyekuwa nikiagiza. Kila alipokuja alinieleza ulichojenga, nami nikamwambia, mwambie aongeze hiki. Nilikuwa nikisema moyoni, siwezi kufa kabla sijasikia kimekuwaje.”

Kisu changu kikasimama. Nikakumbuka jioni ile bila agizo, na jinsi nilivyoruka kwa furaha.

“Na ile siku ya mwisho?” nikamwuliza.

Mama akaendelea kumenya. “Siku ile,” akasema, “sikuweza hata kufumbua mdomo.”