Aliyetupaisha Sebuleni

Wiki hii nilikuwa nimejiandaa kulalamikia vumbi la Dodoma, lakini vumbi litasubiri, maana halina pa kwenda. Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba mpiga picha wetu wa Ipagala amefariki dunia. Presha ilimpanda akiwa anakunywa uji. Sitamtaja jina, mwenyewe hakupenda makuu. Ndiye yule aliyekuwa akipiga picha za watu wakielea hewani sebuleni kwake, na picha hizo zimetundikwa katika nyumba nyingi za mtaa ule, kwa fundi cherehani hadi kwa mchungaji. Nimemlilia, na katikati ya kulia nimecheka, na sidhani kama angenikataza.

Studio yake ilikuwa sebule hiyohiyo. Mchana wa jua kali alishusha mapazia mazito, akasogeza meza ya chai, akalala kifudifudi sakafuni na kamera yake, kwa sababu kamera ikiwa chini, mruko wa shibiri huonekana mrefu kama dari. Kazi yako wewe ilikuwa kuruka. Hakutaka uruke juu sana. Alitaka uruke bila kukunja magoti, vidole vya miguu vikielekea chini, na flashi ikimulika inakunasa ungali hewani, kivuli chako kimeachana na miguu. Ugumu ulikuwa usoni. Mtu akiruka hukodoa macho na kupinda mdomo kama aliyeng'atwa na siafu. "Mwili uruke, uso ubaki," alikuwa akituambia kutoka huko sakafuni. "Wewe ni mtu unayesubiri chai. Unaruka, sawa, lakini unasubiri chai." Mimi niliruka hadi nikapata kiungulia, na katika kila picha nilionekana kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Aliyefaulu mara moja ni kaka yake mkubwa, mkulima wa Haneti na mzee wa kanisa, ambaye uso wake hautikisiki hata mbuzi wa jirani wakiingia kwenye mtama. Aliruka na koti lake, kofia mkononi, na picha ikatoka safi: mzee yuko juu ya zulia, ametulia tuli. Akaipenda, akaiwekea fremu, akaenda nayo nyumbani. Kosa lilikuwa kuipeleka Haneti mwaka ambao mvua imechelewa. Majirani waliitazama ukutani, wakatoka nje wakatazama mbingu. Hawakumwita mchawi, ni watu wenye adabu. Walimletea kuku mweusi, wakamwomba kwa heshima zote azungumze na mawingu, kwa kuwa ameonekana akipanda kuelekea huko. Akawaeleza habari za flashi. Wakaitikia, "Ndiyo, mzee," wakamwachia kuku wao. Keshokutwa yake mvua ikanyesha. Wazee wenzake wa kanisa wakamwita kikaoni. Alijitetea kwa methali, kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Wakamuuliza yeye ameundwa na nani. Basi akaamua kuwaonyesha kwa vitendo: akaruka mbele ya kikao, uso umetulia, kamera hakuna, na mambo yakazidi kuharibika. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za kuelea.

Sasa mtaelewa kilichotukuta msibani. Ilihitajika picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza, na mtu aliyetupiga picha sisi wote hakuwa na zake, isipokuwa ya kitambulisho, ambamo anafanana na mshitakiwa, na nyingine moja: yeye mwenyewe anaelea sebuleni, kikombe mkononi, anasubiri chai. "Hii nilibonyeza mimi, shemeji," mjane aliniambia, ameishika kwa mikono miwili. "Ndiyo siku pekee alinikabidhi kamera. Nikimuaga kwa ile ya kitambulisho, nitakuwa namuaga mtu mwingine." Kaka mtu akakataa. "Mke wa mdogo wangu, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini kesho tunampeleka Haneti. Wakimkuta marehemu yuko hewani, hatutazika. Tutaombwa mvua." Ndugu wote wakaunga mkono. Mjane hakubishana. Alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Nenda mjini, waambie waikate kuanzia kifuani kwenda juu."

Kesho yake, mbele ya jeneza, kaka mtu aliisogelea ile picha, akaitazama kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. "Picha nzuri kama hii mlikuwa mmeificha wapi?" alituuliza. "Hapa mdogo wangu amesimama kama mtu. Unaona kabisa miguu yote iko chini." Mjane akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na kina mama wakamzunguka wakimwambia, "Jikaze, mama, jikaze." Mimi niliyekuwa karibu nilijua anacheka. Baadaye kidogo hakuwa anacheka tena, na mimi pia sikuwa nacheka.

Njiani kurudi aliniambia kwamba daktari alikuwa amemwonya mumewe miezi mingi, na yeye hakumwambia mtu, hata mkewe. Vyeti vya hospitali alivikuta baada ya kifo. Nikakumbuka kwamba Jumapili, siku mbili kabla ya ile simu, tulikutana dukani nikamuuliza hali, akanijibu "salama" kwa uso uleule wa kusubiri chai. Nilimkasirikia, nasema kweli, na bado nina hasira naye kidogo. Lakini mji wetu mzima ndivyo ulivyo. Asubuhi tunapishana kwenye korido za ofisi, tai zimenyooka, habari za nyumbani, nzuri tu, na za kazi, nzuri tu, na nani kati yetu amekanyaga sakafu hatujui, kwa sababu sote tunakatiwa kifuani. Mtaalamu wa kuelea alituonyesha namna inavyofanyika, kwa maelezo kamili, mapazia yakiwa yameshushwa, na hatukujifunza kitu. Tangu msiba huo, mtu akiniambia "salama", simwachi aende hivihivi. Nainamisha kwanza macho, nimtazame na miguu.