Keria ya Baiskeli ya Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani hunitia wivu mpaka leo. Baba, fundi seremala mwenye kibanda Mlandege, aliyapaka kwenye mnyororo wa baiskeli yake kila Jumapili tukishatoka kanisani, akazungusha pedeli kwa mkono huku akisikiliza kama bado inalia. Kwetu Kihesa, mjini Iringa, mwezi wa sita, baridi ilikuwa haina adabu; ukungu ulikaa juu ya mabati hadi jua lilipopata nguvu, na moshi wa kuni ulitambaa chini chini uani. Mafuta yakishanukia, nilijua safari imeiva. Baba alipenda kuzunguka mji akitazama mambo ya kale, na kwenye keria palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mtu huyo nilikuwa mimi, tangu nikiwa mdogo kabisa, mpaka Festo alipokuja.

Festo ni mtoto wa shangazi, dada yake baba. Shangazi alikuwa analima tumbaku Chunya, akamleta kwetu asome, tukawekwa darasa moja. Alishuka kwenye basi na vumbi la Chunya kwenye nyusi, mpole, akiwaamkia hata watoto wenzake, nami nikampenda mpaka Jumapili ya kwanza. Siku hiyo baba alimaliza kupaka mafuta, akaipiga keria kofi, akasema, "Festo, panda." Nilibaki nimesimama na gauni langu la kanisani. Mama aliniambia niache kununa, mwenzangu mgeni, acha naye aone mji. Baba akaongeza, "Wewe mji ni wako, mwanangu. Utauona siku yoyote."

Basi nikabaki nachambua mnavu. Nilidhani ugeni huisha baada ya wiki moja au mbili, lakini ugeni wa Festo uliota mizizi. Msimu mzima wa baridi waliondoka wawili na kurudi wawili, wakicheka mambo ambayo lazima ungekuwepo ndipo uyaelewe. Wakati wa kula Festo hakuringa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angeringa, ningepata pa kumshikia. Alisimulia tu. Kalenga, ambako ngome ya Wahehe ilivunjwa kwa mizinga ya Wajerumani. Boma la mjini, lenye kuta nene. Gangilonga, jiwe ambalo wazee walisema lilinena, likiwaonya watu adui anapokuja. Jiwe hilo nililiona kila siku nikienda shule, ila baba hakuwahi kunikalisha juu yake akanieleza. Nikimwomba anisimulie na mimi, alisema amechoka, nimuulize Festo. Nilimchukia Festo huku tonge liko mdomoni.

Hiyo siku yoyote haikufika. Mgongo ulianza kumsumbua baba, baiskeli ikaegeshwa ukutani, na sasa baba ni marehemu. Mimi ni muuguzi Mbeya. Festo yuko Iringa, ana baiskeli zake za gia, na kazi yake ni kuwazungusha wageni mjini. Mwezi wa sita uliopita nilikwenda likizo, nikapanda mojawapo na kuwafuata. Siku hizi kuna lami na bodaboda zinazokupita zikikupigia honi, na wageni wanavaa kofia ngumu kama wanakwenda mgodini. Juu ya Gangilonga Festo alitukalisha, akakohoa kidogo kama baba alivyokohoa kabla ya jambo zito, akaanza. "Mjomba wangu alinieleza hivi," aliwaambia. Wageni walitikisa vichwa. Nilitamani kusema kwamba huyo mjomba ni baba yangu, ila nikapiga picha kama mgeni mwenzao.

Wivu ulikuwa bado haujanitoka tulipoanza kupanda mlima wa Ipogolo, tukitoka mtoni kurudi mjini. Wageni walibadili gia, wakabaki nyuma yetu wanahema. Festo akashuka, akaanza kusukuma baiskeli yake. Nami nikashuka, nikamuuliza kama amechoka.

"Hapana, nimezoea tu. Hapa mjomba alikuwa ananishusha. Yeye anashika usukani, mimi nasukuma keria mpaka kule juu. Siku moja nikamlalamikia. Akaniambia, 'Binti yangu hapa nilikuwa simshushi. Nasukuma naye amekaa, hata akisinzia namshika kwa mkono mmoja, twende.' Aisee dada, nilikuonea wivu. Wiki nzima sikutaka hata kukuona."

Mimi silikumbuki hilo. Nilikuwa mdogo, na pengine nilikuwa nimelala kweli. Hata hilo anajua yeye. Ningepaswa kumpa pole kwa wiki yake ile, maana mimi nazijua wiki za namna hiyo. Badala yake nikamwomba arudie, polepole, pale baba aliposema ananishika kwa mkono mmoja, kabla wageni hawajatufikia.