Godoro Kwenye Simba ya Shemeji

Nilimmwagia mzee wa kijiji beseni zima, na nikisema zima namaanisha zima, maji niliyofulia vitambaa vya paka anayeharisha (ndiyo, hayo), mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya wanakwaya waliotoka mazoezini na vitabu vya nyimbo mkononi, mbele ya mwanangu, huku mume wangu akisikiliza yote kwenye simu iliyowekwa spika. Aibu ninayo, sikatai. Hata leo nikienda Sori kununua omena, dagaa wa ziwani, kuna mama huniuliza kama ni ya mtu ama ya paka. Lakini hapa Karungu kila mtu anaisimulia kuanzia kwenye beseni, hakuna anayeanzia mwanzo, kwa hivyo nyamazeni niwaambie mwenyewe.

Mimi ni Mkuria niliyeolewa kwa Wajaluo, ndiyo maana wananiita nyar Kuria, binti wa Ukuria, na sijui kama mama mkwe analikumbuka jina langu. Mume wangu Fred anajenga nyumba za watu Homa Bay, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Tuna mtoto mmoja, Achieng'. Mwaka jana panya alimuuma kidole akiwa usingizini, akaamka mkono umejaa damu, na tangu hapo ikawa nikizima taa anakunja vidole vyake anavificha kwapani, halali. Ndipo nikatafuta paka. Tulimwita Askari. Sitawadanganya kwamba alikuwa mrembo, alikuwa na sikio lililopasuka na sura ya mwalimu wa zamu, lakini alilala miguuni pa Achieng', na Achieng' akalala. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na mimi sikutaka kingine.

Halafu Askari akala matumbo ya samaki mbuta yaliyotupwa ufuoni, ndoana ikiwa ndani. (Nani aliyatupa, sisemi, sitaki kesi mbili.) Akawa anatapika na uzi unaning'inia mdomoni. Nikampigia Fred. Akasema, "Mama Achieng', paka ni paka, atapona ama atakufa, niache nifanye kazi." Nikampigia mdogo wake, Ken, ambaye anachomelea vyuma Migori mjini. Yeye akasema, "Shemeji, mlete." Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, akampasua tumbo, akatoa ndoana, akashona, kisha akanipa masharti: mahali pakavu, pasiwe na mwanga mkali wala kelele, alale chini ili asiruke, mbali na mtoto, kuku na mbwa, asirambe mshono, na pa kujisaidia niweke magazeti yaliyochanwa, si mchanga, kwa sababu mchanga unaingia kwenye kidonda. "Huyu asiruke," akaniambia mara ya pili. "Akiruka nyuzi zikaachia, hatuna mengi ya kufanya."

Sasa niambieni, katika boma lenye kuku, mbwa na watoto wa kila nyumba, mahali hapo ni wapi? Nyumba yangu ni chumba kimoja na pazia. Nikafikiria simba ya Ken. Simba ni kile kinyumba cha kijana ambaye hajaoa, kiko pale karibu na lango, na mke wa kaka yake hana shughuli ndani. Hilo nalijua sasa. Siku hiyo mimi niliona nyumba tupu yenye sakafu ya simenti na kufuli. Ken akanipa ufunguo, akacheka, akasema hata yeye hajawahi kulala humo akitunzwa hivyo. Na hapo nikaamua kitu kimoja kidogo tu, kutomwambia mtu, kwa sababu nilijua mama mkwe angesema nimepeleka paka hospitali na yeye magoti yanamuuma.

Basi nikaingiza godoro. Lile dogo la Achieng' la uchangani, nikalibeba kichwani mchana kweupe kama mjinga. Nikachukua katoni ya mafuta ya kupikia nikaikata upande mmoja ili aingie bila kupanda, nikaweka chupa ya maji moto niliyoizungushia taulo, dirisha nikaliziba kwa leso, na fulana ya zamani ya Achieng' nikaitoboa matundu manne ya miguu nikamvalisha ifunike mshono. Kusema kweli nilijivunia ile kazi. Kuna wodi za watu hazijatulia hivyo.

Asubuhi na jioni naingia na sahani iliyofunikwa, natoka na beseni, nafunga kufuli. Mnaanza kuona walichokuwa wanaona wao? Nyieka wangu, Min Brayo, yaani mke wa kaka mkubwa wa Fred, akatega sikio ukutani na akasikia, kwa masikio yake aliyopewa na Mungu, nikisema, "Lala mpenzi. Usiruke. Kesho nitakuletea samaki."

Ijumaa mchana niko nje ya simba nafua vile vitambaa, nikaona watu wanaingia langoni. Mzee wa kijiji, Odongo, mbele. Mama mkwe na simu juu kama taa. Min Brayo. Kwaya nzima nyuma yao. Vijana wawili wakakimbia moja kwa moja hadi dirishani.

"Nyar Kuria, fungua," Odongo akasema.

"Jaduong', mzee wangu, ndani kuna paka. Amepasuliwa tumbo. Tafadhali ongeeni polepole."

Walivyocheka!

"Paka na godoro?" Min Brayo akauliza. "Huyo paka anavaa viatu namba ngapi?"

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "ingia wewe peke yako, ufunguo huu hapa, lakini hao wanyamaze kwanza."

Akanyoosha mkono kuuchukua, nawaapia alinyoosha, lakini Odongo akasema mwanaume atatokea dirishani tukichelewa, na simu nayo ikapiga kelele, "Vunjeni! Ni nani huyo kwa simba ya Ken? Vunjeni!" Hiyo ilikuwa sauti ya Fred. Odongo akapiga mlango teke, akapiga la pili, ukaanguka ndani na kishindo.

Askari akaruka. Kutoka katonini hadi dirishani, akaing'oa leso, akapita katikati ya wale vijana, na hao waliokuja kushika mwanaume wakapiga nduru wakakimbia, mmoja akaacha ndala.

Simu ikauliza, "Ni nani? Mama, ni nani?"

"Ni paka," mama mkwe akasema.

"Paka gani?"

"Sijui. Amevaa fulana ya Achieng'."

Mtu mmoja kwenye kwaya akaanza kucheka, wote wakafuata. Odongo akajipangusa vumbi, akanigeukia akitabasamu kama mtu aliyefanyiwa mzaha mzuri. "Sasa nyar Kuria, si ungesema tu ni paka?"

Hapo ndipo beseni lilipotoka mkononi mwangu.

Achieng' ndiye aliyempata, chini ya ghala. Akaingia kwa tumbo, akamtoa, akaniletea. "Mama, Askari amelowa." Ile fulana asubuhi ilikuwa nyeupe. Nilipanda pikipiki naye kifuani, na hata lami hatukuifikia.

Fred alikuja, akatengeneza mlango wa mdogo wake. Mama mkwe akasema paka wako wengi. Achieng' siku hizi analala na soksi mikononi, anazivaa mwenyewe, hangoji kuambiwa. Na mimi nimeapa: sitafunga tena mlango nikifanya jambo jema. Mwingine akiugua nitamlaza katikati ya boma, nimuite Odongo aje ashike taa.

Jumatatu nikaenda kwa naibu wa chifu. Akanisikiliza akijiuma mdomo. "Madam, tuandike mlango. Mlango unaeleweka."

"Mlango si wangu."

"Sasa umepoteza nini?"

"Paka."

"Hapa watu wanaleta kesi za mashamba. Na mzee naye analalamika kuhusu maji."

"Andika na maji. Nilimmwagia. Sikatai."

Akanisukumia karatasi niandike mwenyewe. Nikaandika hivi, na ameigonga muhuri:

*Mimi Rhobi, mama Achieng', namshtaki mzee wa kijiji Odongo kwa kuvunja mlango baada ya kuambiwa kilichoko ndani na baada ya kuonyeshwa ufunguo. Hasara: paka mmoja, jike, aliyekuwa anapona. Sitaki alipe. Nataka aje langoni petu mchana, kwaya ikiwepo, simu ikiwekwa spika, amwambie mtoto wangu alichofanya. Mashahidi wangu ni wote waliokuja kumwona huyo mwanaume.*