Aliyetangulia Thelujini

Nikifungua kabati lenye dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe vya naftalini, moyo hunichoma kabla pua haijamaliza kunusa. Najua wengine harufu hiyo huwakumbusha kanga za bibi zao. Mimi hunikumbusha koti zito la rangi ya zabibu lililoingia kwetu Riyadh ndani ya mfuko wa plastiki, na halikuwa langu. Niwaambieni ukweli, maana hapa tuko wenyewe kwa wenyewe: nilikuwa mtoto mwenye kijicho, na kijicho chote nilimwekea dada yangu Aisha.

Tulikuwa tukiishi Sulimaniya, juu ya duka la mapazia, watu wanne kutoka Mombasa. Baba alikuwa mpiga picha za eksirei katika zahanati ya tajiri mmoja, naye tajiri huyo ndiye aliyekuwa kafili wake, mdhamini ambaye bila yeye hakuna kati yetu ambaye angekuwa na ikama, kile kibali cha kuishi pale. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Dada kumi na miwili. Dada alikuwa na Kiarabu kilichonyooka na adabu za kuonyeshwa wageni. Mimi nilikuwa na mdomo.

Januari moja shule zilipofungwa, kafili alimwambia Baba kwamba familia yake inakwenda milima ya Uturuki kwenye theluji, na binti yake Hanan hana mwenzake. "Yalla, mwache Aisha aende nasi," alisema. "Ni kama mwanangu." Baba akajibu, "Inshallah, bosi," akarudi nyumbani na lile koti, la zamani la Hanan. Mama alilipokea, akaketi nalo mapajani, akauliza kama kweli hakupata namna ya kukataa.

"Mama Aisha, na ikama zetu je?" Baba alisema.

Nilikuwa mlangoni nikisikia kila neno, na nililoelewa ni moja tu: hata Mama aliona si haki kumpeleka mmoja na kumwacha mwingine.

Ili ninyamaze nilipelekwa Jeddah, kwa Shangazi Tima, mtaa wa Ruwais. Kule kulikuwa na joto Januari ile ile, na kwa ile hewa ya chumvi nguo zilikauka zikawa ngumu kama chapati za jana. Shangazi alinipikia mahamri, akanipeleka kutembea ufukweni, wala sikumshukuru. Video za safari ya Dada zilianza kuingia kwenye simu yake, nami nilizitazama mpaka macho yakauma. Niliona msitu wa misonobari uliolemewa na theluji iliyoanguka siku mbili mfululizo, matawi yameinama, njia haionekani kabisa. Watu walikuwa wamevaa viatu vya ajabu, vipana kama raketi, ili wasizame. Na wa kwanza kabisa, mbele ya Hanan, mbele ya madam mama yake, mbele ya bosi mwenyewe, alikuwa Dada Aisha! Madam alikuwa akimwita kwa nyuma, "Yalla, Aisha, yalla!"

Hapo niliungua. Nilivyojua mimi, wa mbele ndiye mwenye cheo. Imamu yuko mbele, bwana harusi yuko mbele, na kwenye gari la Baba tuligombania kiti cha mbele hadi kufinyana. Shangazi aliniona nimevuta mdomo, akasema, "Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Nikamjibu kwamba kwenye theluji kunguni hawaishi, wangeganda. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. Alasiri ile, baada ya swala, nilimwomba Mungu theluji yote ya Uturuki iyeyuke, na kesho yake video ikaja nyingine, weupe mtupu.

Niliporudi Riyadh nilimkuta Dada midomo imepasuka, mashavu yanabambuka, anatembea taratibu kama mwenye kokoto kiatuni. Mama alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Ijumaa wakaja majirani wa jengo letu kusikia habari, nikapangiwa kazi ya kugawa kahawa. Dada alisimulia vizuri, namkubali. Alisema msitu ulikuwa kimya hata unasikia theluji ikidondoka tawini, na chini ya miguu inalia kama unga wa muhogo unapoufinya. "Siku zote tatu mimi ndiye niliyetangulia," alisema, akimtazama Mama. "Tulicheza mpaka tukachoka."

Sikuweza kuvumilia. Nikatafuta uongo mbaya kuliko wote niliouweza, nikausema mbele ya wageni: "Ulicheza nini? Ulikwenda kuwa kadama wao tu!" Kadama, ndivyo tulivyowaita wasichana wa kazi za ndani. Mama aliacha kumimina kahawa. Dada aliinuka, akaenda jikoni, na tangu siku hiyo hakutaja theluji tena. Mimi nilijiona nimeshinda.

Mwaka jana, nikiwa masomoni huko huko Uturuki, wenzangu walinialika kutembea msituni baada ya theluji kubwa. Tulikodi vile viatu, nami nikaomba nitangulie. Zamu yangu ilikuwa imefika. Kila hatua nilizama karibu na goti, nikavuta mguu, nikazama tena. Hatua mia hazikuisha, mapaja yakawaka moto na pumzi ikanikatika. Kijana aliyetuongoza akanivuta kando. Aliniambia wa mbele ndiye anayewakanyagia wengine theluji, na hata wanaume wenye nguvu hupokezana kila baada ya dakika chache. Nikarudi nyuma, nikatembea bila taabu kwenye nyayo za watu.

Jioni nilimpigia Dada, sasa ni muuguzi Mombasa. "Dada, kule msituni nani alikuwa akikupokea pale mbele?"

"Anipokee nani?" alicheka. "Si ndiyo kazi niliyopelekewa? Hata mkoba wa Hanan nilibeba mimi."

Nikamwomba radhi kwa lile neno la siku ya wageni.

"Mimi halikuniuma, mdogo wangu. Nilikuwa najua. Ni Mama ndiye aliyekuwa hajui."

Miaka yote nilidhani nilimwonea wivu mtu mwenye bahati. Kumbe dada yangu alirudi na zawadi moja tu, hadithi ya kumtuliza mama yetu moyo, na mimi ndiye niliyempokonya mbele ya watu.