Miparachichi ya baba ilikosa magnesium tu, ikakatwa kama ina ugonjwa

Kamwene wakuu,

Niko Makambako, nafundisha kemia sekondari. Hii siyo chai. Imetokea nyumbani kwetu Kichiwa msimu huu na mpaka sasa roho inaniuma.

Masters yangu nilisomea complex za metali kama magnesium na ligand, yaani molekuli zinazoishika metali, zenye pete za naitrojeni. Watu hunicheka, eti kijijini itasaidia nini!

Mfano mmoja uko kwenye kila jani la kijani. Katikati ya chlorophyll kuna magnesium, imeshikwa na naitrojeni nne, kila moja kwenye pete yake. Ikikosekana, ukijani unaondoka.

Sasa, baba ana miparachichi aliyoipanda na marehemu mama. Akanitumia picha WhatsApp. Majani ya njano, mishipa bado ya kijani, tena yale ya zamani tu. Machipukizi safi.

Hapo sikuhitaji maabara. Mti ukiishiwa magnesium huvunja chlorophyll ya majani ya zamani ili machipukizi yapate. Udongo wetu una asidi, mvua inaisomba magnesium, na mzee kila akiona njano anamwaga mbolea ya urea, inazidisha asidi na kuharibu.

Shida ikawa majirani. Wakulima wa pale wana utaratibu wao: mti ukishukiwa kuoza mizizi, wanakuja wote, unakatwa na kuchomwa, usije ukaambukiza mashamba mengine. Wakaiangalia ya baba, wakasema inaoza.

Nikampigia. Nikamweleza mpaka zile pete nne. Alisikiliza vizuri kabisa, akauliza, "Kwa hiyo ni njaa, siyo ugonjwa?"

"Ndiyo baba. Usikate. Jumamosi nakuja na chokaa ya kilimo yenye magnesium."

Jumamosi nafika nakuta visiki na majivu.

Nikachukua jembe nikafukua. Mizizi myeupe, mizima kabisa. Majirani wawili waliokuwa pale wakaangalia pembeni.

Nikamgeukia mzee kwa hasira. "Baba, kumbe hukuniamini?"

"Nilikuamini, mwanangu. Hata nilipokuwa nakata nilijua ni mizima. Lakini wewe utarudi Makambako. Mti wa mwenzangu ukifa mwakani, hata kwa jambo lingine, nitaulizwa mimi. Na hawa ndio watakaonizika."

Nililia kama mtoto, na yeye akawa ananipa pole mimi.

Nilichojifunza: jibu la kitaalamu usimpe mzazi peke yake kwenye simu, ukamwachia akapambane na kijiji kizima. Nenda mwenyewe, simama mbele ya majirani, wafukulie mizizi waione kabla panga halijafika.

Ingekuwa wewe ungemjibu nini mzee? Semeni, hata kunilaumu ruksa.

Na kama kuna mtu wa Uwemba au Wanging'ombe ana miti ya njano namna hiyo, ani-PM. Ile chokaa iko nyumbani kwa baba, aje achukue yote bure. Yeye hana tena pa kuimwaga.