Ini Jipya Nililolitangaza Redioni

Mzee mmoja kutoka Fataki alikunja mkono wa shati mlangoni mwa redio yetu hapa Bunia, akaniomba nimkate ngozi. Alikuwa amekuja na mbuzi.

Kosa ni langu. Nilikuwa nimemhoji daktari mmoja, akaeleza kwamba watafiti huchukua ngozi ya mgonjwa, wakazirudisha seli zake katika hali ya uchanga, kisha wakazikuza kisahanini ziwe seli za ini, ili waone ugonjwa unavyoziharibu. Ni za kuchunguzia tu. Muda uliponiishia, nilifunga kipindi kwa ile sauti nzito ninayoipenda: "Sasa ini jipya linatoka kwenye ngozi yako."

"Ndugu yangu iko na ini mubaya," alisema mzee. "Kata hapa. Mbuzi ni ya munganga, ule daktari wa redio."

Daktari yuleyule aliingia kurekodi kipindi kingine, akamsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Mwandishi, kata basi. Siye tunaangalia."

Nilimkiria mzee kwamba nilitia chumvi, ini la kupandikiza halipo. Mzee alishusha mkono wa shati polepole.

"Sasa ndugu yangu nimulete ao nisimulete?"

"Mulete, tumupime," daktari alijibu.

Ndugu huyo bado hajafika. Mbuzi yuko uani kwetu, anakula karatasi za matangazo.