Jinsi Mashimo Meusi Yalivyonifikisha Butiama

Nilitoka Dar es Salaam kwa sababu ya barua ya binamu yangu Wegesa. Alichaguliwa kidato cha tano, sayansi, lakini baba yake, mjomba Magori, alikataa. "Anasema sayansi imeshakuharibu wewe, inatosha," aliandika. "Jumatatu ndiyo siku ya kuripoti Musoma. Njoo umweleze unafanyaga nini."

Ninachunguza mashimo meusi yaliyozaliwa ulimwengu ulipokuwa mchanga. Huenda ndiyo yaliyovuta gesi, hata nyota zikakusanyika zikawa galaksi. Mke wangu mwenyewe hajanielewa mpaka leo.

Jumamosi asubuhi, Bunda. Niliposhuka kwenye lori la pamba, nilisimama mlangoni pa duka la ushirika lililofungwa, nitoe kokoto kiatuni. Nilipoinuka, watu watatu walikuwa nyuma yangu.

"Wanaleta nini leo, baba?" mama mmoja aliuliza.

"Sijui. Natoa kokoto tu."

"Anajua, hataki kusema," akamnong'oneza mwenzake. "Sukari hiyo, wiki ya tatu haijaonekana."

Baada ya nusu saa foleni ilifika barabarani. Nilipoaga, yule mama aliweka jiwe pale niliposimama. "Nenda tu, nakulindia nafasi."

Alasiri nilishuka Kiabakari, nikamalizia kwa miguu.

Jioni, Butiama. Mjomba alinipa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, kisha akaanza.

"Hayo mashimo umeyaona?"

"Hayaonekani, mjomba."

"Kuna aliyefika huko?"

"Hakuna."

"Na serikali inakulipa?"

Alimtazama bintiye mlangoni pa jikoni kwa huruma. Hotuba niliyoiandaa njia nzima ikafia hapo. Nikamsimulia habari ya Bunda, nikisema gesi hulikusanyikia shimo vivyo hivyo. Alicheka mpaka akaweka bakuli chini.

"Kwa hiyo shimo ni wewe!"

"Ndiyo. Lilikuwepo kwanza, vingine vikajikusanya."

"Hapo umekosea, kaka," Wegesa alisema kutoka jikoni. "Wale walifuata sukari. Gesi haitamani kitu, inavutwa na uzito wa shimo. Wewe una uzito gani?"

Mjomba alinigeukia. "Ni kweli anayosema?"

"Ni kweli."

"Basi akasome. Angalau mmoja wetu awe anakuelewaga."

Jumatatu nilimfikisha Wegesa Musoma, nikamwacha getini na sanduku lake, nikaanza safari ya kurudi. Nilikuja nikidhani naitetea sayansi. Kumbe mtetezi alikuwepo nyumbani siku zote. Mimi nilihitajika tu nikosee mbele ya baba yake.